Nyayo za Haruna

Ninyi mnaoshika patasi sasa pale ufukweni Rumonge mmenitaka niwaeleze jinsi kazi ya kalafati ilivyokuwa wakati wa Mdachi. Nimekubali, ingawa najua kinachonipata kila ninapojaribu: naanza kueleza kazi, najikuta namweleza kaka yangu. Niliwahi kufikiri kwamba ningeweza kuyatenga mambo haya mawili, kwanza habari za mbao, kisha habari za Haruna, kila moja mahali pake. Hayaachani. Basi nitayaeleza yakiwa yameshikana hivyo hivyo, na anayetaka ufundi peke yake atauchambua mwenyewe.

Kalafati ni kuziba. Mbao za mashua, hata zirandwe vizuri namna gani, huacha mwanya kati ya moja na nyingine, na ziwa letu halihitaji mwanya mkubwa. Tulisokota pamba iliyolowekwa katika mawese, tukaishindilia ndani ya mshono kwa patasi butu na nyundo ya mbao, kisha juu yake tukapaka utomvu uliochemshwa. Ninyi mnaletewa pamba safi. Sisi tulichanganya pamba na matambara na nyuzi za magome, na ilitubidi kujua kwa kidole ni tambara lipi litaoza na lipi litadumu. Kosa la kwanza la kila mwanafunzi, nami nililifanya kwa bidii kubwa, ni kupiga kwa nguvu ili aonekane ana nguvu. Pamba ikipigwa mno hukatika ndani. Kwa nje mshono unaonekana umeshiba, kumbe katikati ni mtupu. Macho hayatakwambia. Sikio ndilo litakalokwambia. Mshono uliojaa hutoa sauti kavu na fupi. Mshono mtupu huitika kama mtu aliyeitwa akiwa na chakula mdomoni.

Aliyetufundisha ni Fundi Mbaraka, mtu wa Ujiji, mfupi, mwenye vidole vilivyopinda kwa kushika nyundo, na mwenye desturi ya kulala mchana huku masikio yake yakibaki kazini. Ungemwona amejinyoosha kwenye kivuli cha mashua, kofia usoni, ukadhani umepata nafasi ya kuvivia. Ukiruka mahali padogo tu pasipo pamba, sauti ilitoka chini ya kofia: rudi nyuma kidogo.

Yeye ndiye aliyetukazia kwamba mashua haipigwi upande mmoja. Mafundi wawili huanza pamoja kwenye omo, mmoja kulia na mwingine kushoto, wakaenda sambamba mpaka tezi, yaani kutoka mbele mpaka nyuma, na hupokezana: huyu akipiga, yule anangoja, yule akipiga, huyu anangoja. Mkipiga pamoja, mbao hutikisika zikatema pamba. Mkipiga ovyo, upande mmoja hukaza kuliko wa pili, na mashua huenda maisha yake yote imeinamisha bega. Kati yako na mwenzako kuna tumbo la mashua lililosimama kupita kimo cha mtu. Humwoni. Unamjua kwa sauti. Mwenzangu wa upande wa pili, kwa miaka mingi, alikuwa Haruna, na sehemu kubwa ya ninayoyajua juu yake niliyapata hivyo, bila kumwona.

Haruna alikuwa na kifafa. Alikuwa nacho tangu utotoni, kabla sijazaliwa. Watu wa milimani wanauita intandara, na huku kwetu na huko kwao, Waislamu wa mtaani na wakulima wa vilimani, wote waliamini jambo moja: kwamba povu la anayeanguka huambukiza anayeligusa. Kwa hiyo Haruna alipoanguka, watu walitawanyika. Hawakuwa watu wabaya. Nimelifikiria sana jambo hili, nimeligeuza kila upande, na bado nasema hawakuwa wabaya. Waliokimbia ndio hao hao waliorudi jioni kumsaidia mama kubeba kuni. Lakini walikimbia. Na kaka yangu alikuwa na bakuli lake la mti, akila humo peke yake hata harusini, hata siku ya Idi. Alilifunga katika kitambaa kimoja na patasi zake, kana kwamba nalo lilikuwa chombo cha kazi.

Nawaambia mapema kwamba alikufa, ili msisome mkikisubiri kifo chake. Hakuchukuliwa na ziwa wala moto, vitu viwili ambavyo mama yetu aliviogopa maisha yake yote. Alikufa kitandani, Mdachi akiwa ameshaondoka na Mbelgiji ameshazoea kiti chake. Ugonjwa ulimjia usingizini, wakati hakuwa na nyundo mkononi ya kunipa habari. Maneno hayo ya mwisho mtayaelewa sasa hivi.

Fikirieni kazi za ufukwe huu. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, hutoka na moto ndani ya mtumbwi. Wapika mawese hukaa kando ya masufuria yanayochemka. Kila riziki ya Rumonge iko kandokando ya moto au juu ya maji, na mtu wa kuanguka hana salama kwa kimoja wala kingine. Mama aliliona hilo kabla ya mtu yeyote. Siku moja alimshika Haruna mkono, akampeleka kwa Fundi Mbaraka, nami nikafuata kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kujifunza pale.

"Amahoro, Fundi. Nimekuletea mutoto, lakini anaanguka," alisema mama, bila kuzunguka.

Fundi aliuliza kama ni mara nyingi.

"Mwezi ukiwa mwema, mara moja. Ukiwa mubaya, sihesabu tena."

"Na siku ambayo hajaanguka?"

"Siku hajaanguka, iko mutu kama wewe."

"Basi siku hizo ataziba mashua," alisema Fundi Mbaraka, akarudisha kofia usoni.

Aliweka sharti moja tu: Haruna asikae karibu na chungu cha utomvu. Kazi ya kuchemsha ikawa yangu, na ndiyo maana mpaka leo mnaniona na madoa haya mikononi, si kwa sababu ya ushujaa wowote.

Sikufundishwa na mtu kuusikia ugonjwa wake. Ulijifundisha wenyewe. Tukiwa kazini, yeye kushoto, mimi kulia, mapigo yetu yalikwenda yakiitikiana bila sisi kuyafikiria. Halafu, siku fulani, pigo lake lilianza kujirudia: alipiga mahali pamoja mara mbili, kisha mara nyingi, upesi na kwa wepesi, kama mtu anayebisha hodi bila kutaka kufunguliwa. Baada ya hapo, kimya. Kati ya ule ubishaji na kile kimya palikuwa na nafasi ya mimi kuangusha nyundo na kuzunguka nyuma ya mashua. Mara nyingi nilifika kabla hajagusa mchanga. Yeye mwenyewe hakujua kwamba anapiga vile. Nilipomwambia hakuniamini, akasema natafuta sababu ya kukimbia kazi.

Kwa kuwa mmeniuliza mambo ya kazi, na hili lilikuwa kazi, nitawaeleza jinsi ya kulifanya. Ondoa patasi kwanza; chuma ndicho adui. Usimkandamize, hupigani naye. Usimtie kijiko mdomoni, wala ufunguo, wala ngozi ya kiatu, ingawa watu watakupigia kelele kutoka mbali ufanye hivyo. Mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, ukae. Sehemu ngumu ni hiyo ya kukaa. Akizinduka, usimwulize maswali. Mwambie yuko wapi na ni saa gani ya mchana. Mara nyingi atakuwa amelowa, kwa sababu mwili katika hali ile huachia kila kitu. Haruna alikuwa akienda moja kwa moja ziwani, akazama mpaka kifuani na nguo zake, akitoka amelowa mwili mzima na hakuna wa kujua kipi kilikuwa kipi. Katika ugonjwa wake wote, hilo peke yake ndilo alilolificha.

Katika miaka hiyo kulikuwa na malale pwani yote ya ziwa, na watu wa serikali walipita wakipapasa shingo za watu, wakitafuta vivimbe. Aliyeonekana navyo alipelekwa kambini. Mama hakulala vizuri kwa msimu mzima. Alikuwa na hakika kwamba mtu anayeanguka atahesabiwa pamoja na wanaosinzia. Zamu yetu ilipofika, daktari Mdachi alimpapasa Haruna shingoni, akasikiliza maelezo ya mkalimani, akamtazama machoni kwa muda. Mkalimani akatuambia kwamba huyu hana malale, na kwamba kwa alicho nacho bwana hana dawa. Mama alishukuru kwa Kirundi, kwa Kiswahili na kwa kupiga makofi. Haruna aliuliza tukiwa njiani kama kuambiwa huna dawa ni habari njema.

Sasa nifike kwenye desturi ya nyayo, ambayo ninyi hamkuikuta.

Mashua mpya ilipoanza safari yake ya kwanza, fundi aliyeziba mshono wa chini, ule unaokutana na mkuku, uti wa mashua, alikaa tumboni mwa mashua, peku, nyayo zake juu ya mshono huo, tangu kuondoka mpaka bandari ya kwanza. Hakushika kasia. Hakuchota maji. Walipofika, wapiga kasia walimbeba begani asiguse ziwa, wakamweka mchangani, na mtu wa bandari hiyo, asiyehusiana na mashua, alizishika nyayo zake zote mbili kwa mikono yake. Zikiwa kavu alitamka neno moja: Fundi. Tangu hapo uliitwa hivyo. Zikiwa zimelowa, mashua ilipandishwa, mshono ukafumuliwa wote, nawe ukarudi kuwa mwanafunzi.

Mnaona tatizo lilipokuwa. Desturi ilitaka abebwe, ilitaka ashikwe, na ashikwe na mgeni. Kwa hiyo kila mashua tuliyoimaliza, mimi ndiye niliyekaa. Niliitwa Fundi Saidi nikiwa kijana, na kaka yangu mkubwa, aliyenizidi mkono na sikio, alibaki Haruna. Aliniita Fundi mbele za watu, kwa adabu kamili. Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Kisha askari wa boma walikuja kutafuta wapagazi, wakanichukua. Nilibeba mizigo ya serikali kupanda milimani, na nyuma yangu kulikuwa na mashua ya Bwana Salum ambayo haijazibwa chini. Bwana Salum alikuwa mfanyabiashara wa mtaani kwetu, mababu zake walitoka Omani, na mawese yake yalikuwa yanangojwa Usumbura. Mkono wa Fundi Mbaraka ulikuwa umeshaanza kukataa nyundo. Akabaki Haruna peke yake.

Niliporudi niliyakuta mambo haya mdomoni mwa kila mtu. Haruna alikuwa ameziba mshono wote wa chini, kulia kidogo, kushoto kidogo, akizunguka mashua siku nzima ili asikaze upande mmoja. Na mama yetu, ambaye hakujua patasi inashikwa upande gani, alichukua mchi wa kinu na kipande cha gogo, akaketi upande ule ambao Haruna hayupo. Haruna alipopiga, yeye aliitika juu ya gogo. Alipozunguka Haruna, naye alizunguka na gogo lake. Hakuwa anaziba kitu. Alikuwa anasikiliza. Wavuvi waliopita walimwuliza kama unga wa mbao hupikwa kwa maji mengi au machache. Aliwajibu waje jioni na mboga zao waonje.

Fundi Mbaraka alinipa nyundo, akaniambia niupige mshono wa Haruna kutoka omo mpaka tezi nimwambie ninasikia nini. Niliupiga wote. Ulikuwa na sauti moja.

Siku mashua ilipokuwa tayari, Bwana Salum alikuja asubuhi, akaniambia nivue viatu. Nilimjibu kwamba mshono huu sikuugusa, na nikikaa juu yake nitakuwa nasema uongo kwa miguu. Akamtazama Fundi Mbaraka.

"Mshono wa Haruna unakaliwa na Haruna," ilisema kofia.

Bwana Salum hakupaza sauti. Aliketi juu ya gogo la mama, akasema kwamba yeye si mkatili na kila mtu pale anajua. Lakini Haruna akianguka majini, yeye amwambie nini mama yetu? Na hata wakifika salama, nani wa Gitaza, bandari ya kwanza, atakayemshika miguu? "Na mshono ambao haukushikwa ni mshono ambao haukupimwa," alisema. "Sitabebesha mawese ya mwaka mzima juu yake. Nitaufumua, Haruna. Nakwambia sasa ili usiseme nilikuficha."

"Bwana Salum," alisema kaka yangu, "nimeanguka mbele ya duka lako tangu nikiwa mdogo na sijawahi kukuomba uniokote. Sasa naomba kuketi tu."

Wote tulimtazama mama, kwa sababu yeye ndiye angekataa. Alikuwa akiosha vyombo vya chakula. Alisema bila kuinua uso:

"Nimemushika na macho tangu azaliwe. Macho yamechoka. Mupeleke."

Basi Haruna akakaa tumboni mwa mashua kati ya mitungi ya mawese, peku, kitambaa chake chenye patasi na bakuli kikiwa mapajani. Mimi nilipewa kasia karibu naye. Mbele yake aliketi Kagabo, mtu wa Muhuta, mpiga kasia mwenye nguvu kuliko wote na mwoga kuliko wote wa kifafa. Hakuwa akificha hilo, alitangaza kabisa kwamba mate ya Haruna yakimfikia ataruka ziwani. Haruna alimwuliza kama anajua kuogelea. Kagabo akasema hajui. "Basi kaa," alisema Haruna, "tutakufa mmoja mmoja."

Tuliondoka. Haruna alianza kugonga ubao kwa kifundo cha kidole, pole pole, nami nikamwitikia kwa mpini wa kasia. Hatukuwa tumepatana kufanya hivyo. Bwana Salum alikaa nyuma karibu na nahodha, na kila mara aliinama kuangalia chini, na kila mara chini palikuwa pakavu. Tulipita Magara hivyo, ziwa likiwa limetulia, na nilikuwa nimeanza kuamini kwamba mambo mengine huenda kama mtu anavyotaka.

Muda si mrefu baada ya hapo kidole kilianza kubisha hodi.

Niliacha kasia. Nilimfikia akiwa tayari anainama, nikamlaza ubavu. Wakati huo huo wapiga kasia wote wa upande wake waliinuka wakakimbilia upande wa pili, na mashua ikalala. Niliona maji yamefika ukingoni, yakisimama hapo yakifikiri. Nawaomba mlikumbuke jambo hili kuliko mengine: mtu anayetikisika sakafuni hawezi kupindua mashua. Wanaomkimbia wanaweza.

Nahodha, mtu wa ng'ambo ya ziwa, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kila mutu kwa kiti yake. Ugonjwa hauna kasia. Ni ninyi munazo."

Walirudi. Kagabo aliketi mahali pake, akakunja miguu juu ya benchi kama kuku wakati wa mvua, akapiga kasia hivyo hivyo. Mimi nilikaa sakafuni na kichwa cha Haruna pajani, nikafanya ile sehemu ngumu.

Alipozinduka nilimwambia kwamba tuko mashuani, kwamba jua limeshapita kichwani, kwamba Gitaza inaonekana. Akaniuliza kama nyayo zake zilitoka kwenye mshono. Sikuona faida ya kumdanganya; nilimwambia zilitoka. Alijiinua akazirudisha. Hapo ndipo alipogundua, nami nikagundua kwamba amegundua. Nguo yake ilikuwa imelowa, na sakafu chini ya miguu yake, juu ya ule mshono, ilikuwa na maji.

Nilimwambia kwa sauti ya chini kwamba nitafuta upesi, hakuna atakayeona.

"Usifute, mdogo wangu," alisema. "Aliyekaa hapa hafuti. Ukifuta watasema tumeficha uvujaji."

Niliwaza kumwaga maji ya ziwa juu yake, kama yeye alivyozoea kujifanyia, lakini papo hapo nikaona ubaya wake: maji ya ziwa ndiyo hasa yasiyotakiwa kuwa mle ndani. Kile ambacho maisha yake yote kilikuwa kimemfichia aibu sasa kilikuwa ndicho kitakachouhukumu mshono. Nililigeuza hilo kichwani mara nyingi sana, mpaka mashua ikakwaruza mchanga.

Ufukwe wa Gitaza ulikuwa umetandazwa ndagala wakikauka, weupe mpaka karibu na njia. Ilibidi wapiga kasia wawili wambebe. Mimi nilikuwa mmoja. Wengine waliangalia makasia yao. Hatimaye Kagabo alishuka majini, akageuza mgongo, akasema, "Fanya upesi." Sijui kwa nini alifanya vile, na nilipomwuliza miaka ya baadaye alisema naye hajui.

Tulimweka mchangani. Mmoja wa wapiga kasia alikuwa ameshatangulia kusema neno intandara, kwa hiyo waliokuja kututazama walisimama mbali. Bwana Salum aliomba mtu mmoja wa hapo aje kupima nyayo. Hakuna aliyesogea. Aliomba tena. Nilianza kuusikia ule mshono ukifumuliwa.

Kisha alikuja mwanamke mzee mwenye ufagio wa kugeuzia samaki, na alikuja kwa hasira, kwa sababu tulikuwa tumesimama juu ya ndagala wake. Alitusukuma kwa ufagio, akauliza tunataka nini. Bwana Salum alimweleza yote, pamoja na ugonjwa. Hakumficha kitu, na kwa hilo nampa heshima yake.

"Miguu iko wapi?" aliuliza.

Alipiga magoti, akashika nyayo za kaka yangu, moja kwa kila mkono. Akasema, "Zimelowa."

Bwana Salum alifumba macho. Mimi nilifungua mdomo, lakini Haruna alitangulia.

"Zimelowa, mama. Si ziwa. Nimeanguka njiani, na mkojo ukanitoka. Ni wangu mimi."

Alisema hivyo mbele ya ufukwe mzima, kwa sauti ile ile aliyotumia kuomba pamba. Yule mama aliinua vidole vyake, akavinusa bila haraka, kama mtu anayechagua samaki.

"Nimelea watoto, nimelea na wajukuu," alisema. "Hii naijua. Ziwa halinuki hivi."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakacheka, na Haruna alicheka pia. Nilikuwa nimewaona watu wakimkimbia, wakimhurumia na wakimwombea. Kuchekwa na watu waliobaki wamesimama pale pale, hilo lilikuwa jipya.

Yule mama alinawa, akatoa amri kama nahodha. Mashua isafishwe kwa maji na ikaushwe kwa pamba, ikae majini na mzigo wake wote, na mwenye miguu arudi kukaa mpaka yeye mwenye samaki atakapokuwa amewageuza ndagala wake wote upande wa pili. Haruna alioga, akabadili nguo, akarudi juu ya mshono wake, nyayo zikiwa zimefutwa kavu. Tulingoja. Mama yule hakugeuza samaki upesi kwa ajili ya mtu yeyote. Alipomaliza, Kagabo alimbeba tena, safari hii akinung'unika kwamba amekuwa punda wa mafundi, na mwanamke akazishika nyayo mara ya pili.

"Kavu," alisema. Halafu, kwa kuwa tulikuwa tumemweleza, akaongeza lile neno lingine: "Fundi."

Bwana Salum alimpa Haruna mkono. Ulikuwa mkono wa kwanza aliowahi kumpa.

Tulipewa chakula, ugali wa muhogo na ndagala wa kukaanga kwa mawese, katika ungo mmoja kwa watu wote. Haruna, kwa mazoea, alisogea pembeni, akafungua kitambaa chake, akatoa bakuli.

"Hilo la nini?" aliuliza yule mama. "Nimeshika miguu yako mara mbili. Ni mkono ndio utaniua?"

Nahodha alijisogeza akaacha nafasi. Haruna alikaa na bakuli tupu mkononi kwa muda, asijue pa kuliweka, mwisho akaliweka juu ya mchanga nyuma yake. Kagabo hakuweza. Alichukua fungu lake juu ya jani, akaenda kulila kando ya mashua, na sikumlaumu. Alikuwa ameshabeba cha kutosha. Ila siku ile aliyekula peke yake alikuwa yeye.

Haruna alitia mkono ungoni, akatafuna pole pole, akafikiri.

"Ndagala wako wana mchanga, mama," alisema.

"Tazameni," alisema yule mama. "Fundi wa leo, na ameshaanza kuchagua."

Kaka yangu akachota tena.